Nesi wa Bibi

Jumanne, Mikumi

...na sikujua kwamba kubonyeza kitufe kimoja kungeniliza hivi. Leo nimebadilisha kozi niliyoomba. Nimeondoa uuguzi, nikaweka utalii, kwa sababu chuo cha uuguzi kiko mbali na cha utalii kiko hapa hapa, na mimi siwezi kulala mbali na Rashidi wangu. Siwezi! Wiki ya sita ya ndoa hii, na bado nikisikia pikipiki yake inakata kona moyo unaruka.

Nilikuwa na furaha mpaka Bibi alipopiga simu kutoka Kilosa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, nesi wangu. Mume wetu hajambo? Mwambie asizeeke, zamu yangu inakuja."

Nikacheka. Nikamuuliza habari za kidonda cha mguuni.

"Kipo. Mama yako ananisumbua twende zahanati. Nimemwambia mguu huu haugusi mtu mpaka mjukuu wangu avae gauni jeupe la unesi."

Nilipaswa kusema pale pale. Nikaitikia tu, "Sawa, Bibi." Sawa gani?

Rashidi amenimiminia chai, ananiita malkia, na nampenda hadi naogopa. Sijutii kumchagua. Lakini mguu wa Bibi unaoza ukinisubiri, na mimi...

Jambo hili halisemwi kwenye simu. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Kilosa, nimwambie kwa mdomo wangu, anune akitaka kununa, halafu nimshike mkono mpaka zahanati.