Kipande chenye mawe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa ughaibuni, Fisksätra, baridi imeanza, goti la bibi yako linasumbua kidogo, na mama yako bado anafanya kazi uwanja wa ndege. Tunakula, tunalala.

Unauliza kama ni haki. Hao Wamaya unaowafundishia watoto huko Meksiko wanafyeka njia ya kijiji kwa zamu, na wewe mgeni umepimiwa kipande kama wenyeji, tena chenye mawe. Unataka kumlipa mtu akufyekee.

Tulipohamia Upareni nikiwa kijana, baba yangu alikwenda kila msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kusafisha mfereji, jembe begani. Wenyeji wakamwambia, "Pumzika, mgeni wetu." Maji tulipewa, lakini kila mara alirudi nyumbani na jembe safi, bila raha. Siku moja msimamizi akamfokea, "Wewe unangoja kubembelezwa? Kipande chako kile pale!" Nikakipima kwa hatua. Kilizidi vya wenzake kwa robo nzima, na mawe tele. Nilipoanza kulalamika, baba akanishika mkono. "Nyamaza wewe. Leo na mimi nimehesabiwa."

Siku za usafi wa jengo letu hapa, majirani waliniambia "pumzika" kwa miaka kumi na tisa, kwa upole kabisa, ndipo mmoja akanipa reki. Mpaka leo miaka ile inaniuma. Wewe wamekupimia ndani ya mwezi mmoja. Tafuta glavu nene, mama, ukafyeke mwenyewe.

Babu yako