Kikapu Alichokibeba Mkwe

Wodi ya Watoto,
Kigoma.
Jumanne, 14 Novemba 2023

Mpendwa kaka yangu Luqman,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Nasra na watoto, na kwamba huko Morogoro mvua inanyesha kwa adabu kuliko hii ya kwetu. Kifua cha wifi kinaendeleaje? Mwambie wale dagaa aliowaagiza sijawasahau, ila sijakanyaga sokoni Kibirizi tangu wiki iliyopita. Sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Sisi huku si wazima sana, kaka. Ikram wangu amelazwa. Anaharisha damu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwanza, mambo ya chooni hayasemeki kwenye simu wodi nzima ikikutegea sikio. Pili, Mama amenikataza nisikupigie, na Mama unamjua, akikuuliza kitu anakutazama mpaka useme kweli. Kuandika hakunikataza. Jirani yetu Verediana anapanda treni Ijumaa, yeye ndiye atakayekuletea.

Ilianza Alhamisi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika siku kadhaa mtaani kwetu Kasingirima, tukawa tunachota ziwani kama wenzetu, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi kwa mvua, kwa hiyo kuchemsha ikawa kama bahati. Mtoto akaanza kuendesha. Mama akasema ni meno. Meno gani ya mtoto wa miaka mitatu? Ijumaa nikiwa Kibirizi, Mama akaona damu. Akatoa vidonge vyake vya rangi mbili, alivyobakiza alipougua mwaka jana, akavifungua na kumkorogea kwenye uji. Niliporudi mtoto alikuwa ametulia, nikamshukuru. Jumamosi alishindwa kusimama, ndipo tukamleta hapa.

Wakachukua choo chake wakapime. Usidhani ni kama kupima malaria, kwamba unakaa kwenye benchi kidogo unaitwa. Dismasi, huyu wa maabara, alinieleza kwamba wanakipaka kwenye sahani yenye chakula cha vimelea, wanaiweka kwenye joto, wanangoja viote. Vikiota wanavijua jina, kisha wanaviwekea dawa mbalimbali waone ipi inaviua. Bila hivyo daktari anapiga ramli tu.

Jana majibu yakarudi kwamba hakuna kimelea cha kuharisha kilichoota. Mimi nikafurahi, nikasema Alhamdulillahi, mtoto hana kitu. Dismasi akaniuliza alimeza dawa gani kabla hatujaja. Nilipomtajia vidonge vya Mama akashika kichwa. Kumbe vile vidonge viliwalegeza wadudu wasiweze kuota kwenye sahani, lakini tumboni wamo, na wanaendelea na kazi yao.

Damu haijakoma na homa haishuki. Sindano anazochomwa hazifui dafu. Mkojo nao umepungua. Daktari anasema zimebaki dawa mbili za kujaribu, na moja inaweza kumuumiza figo ambazo zimeshachoka. Hataki kubahatisha, kwa sababu mtoto hana nguvu ya kungoja kosa lirekebishwe. Nimesikia hayo kwa masikio yangu, kaka.

Ndipo Dismasi akauliza kama nyumbani kuna mwingine anayeharisha ambaye hajameza dawa yoyote, maana mara nyingi mdudu ni yule yule. Nikamjibu hakuna. Ashraf, shemeji yako, akatazama sakafu. Mume wangu maneno yake ni ya kupima kwa kijiko, unamjua. Akasema polepole, "Mama."

Ashraf alikuwa anajua. Yeye ndiye anayejaza ndoo ya chooni, na ndoo ilikuwa inakauka kila akigeuka. Akanyamaza, kwa sababu mkwe hazungumzi habari za tumbo la mama mkwe. Na Mama naye akajificha, akienda uani anajitanda kanga mpaka puani, chakula anakirudisha akisingizia funga ya Sunna. Nilimpandishia Ashraf sauti mbele ya wodi nzima. Heshima gani hiyo, mtoto anakwisha sisi tunaoneana haya?

Nikampigia Mama. Akakana, akasema yeye mzima, nisimzulie. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii hakitamuumbua yeye, kitamchukua Ikram. Akakata simu.

Mimi siwezi kutoka hapa. Choo lazima kifike kikiwa kibichi, siyo kilicholala. Kumtuma jirani, Mama angekufa kwanza. Akabaki Ashraf. Hebu fikiria mwenyewe, Mama yetu, ambaye akikutana na mkwe wake uani anageukia ukuta mpaka apite, leo amkabidhi yeye choo chake.

Ashraf akaenda. Yaliyotokea kanisimulia kwa shida, nusu nimemvuta mdomoni. Alikiweka kikopo cha maabara mlangoni kwa Mama, akasema anakwenda kusimama barabarani na hatageuza shingo. Akasimama huko juani. Adhuhuri ikaadhiniwa, kimya. Mimi huku nilikuwa natazama mlango wa wodi, na Dismasi alikuja kuuliza kama kimefika, akaondoka, akaja tena. Ikram alikuwa halii tena hata akichomwa sindano, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kilio.

Mwishowe Ashraf akasikia Mama anakohoa. Akarudi, akakuta kizingitini kikapu kimefunikwa kawa, na juu kimefungwa kanga yake ya Idi, utadhani anampelekea mtu wali. Dereva wa bodaboda akamuuliza kama ni chakula cha mgonjwa. Ashraf akamwambia ndiyo.

Kuna jambo Mama alimwambia Ashraf nyuma ya mlango kabla Ashraf hajaondoka. Yeye alianza kuumwa kabla ya mtoto. Vidonge vilikuwa vichache, akampa Ikram vyote, yeye hakumeza hata kimoja. Ndiyo maana choo chake hakina dawa. Kaka, sikujua nimkasirikie au nimlilie.

Leo Dismasi anasema kwenye sahani ya Mama kimeota kitu, lakini jina lake bado, na dawa ya kukiua bado. Tunangoja. Naishia hapa kwa sasa, mtoto ameamka.

Alhamisi

Kaka, naendelea.

Majibu yalitoka jana. Mdudu anaitwa shigela, na zile sindano zote alizochomwa mwanangu, mdudu huyo alikuwa hazijali kabisa. Dismasi alinionyesha sahani yenyewe. Pembeni ya kikaratasi chenye dawa ya zile sindano, wadudu wamejaa mpaka ukingoni. Pembeni ya kikaratasi kingine pamebaki duara tupu, hawakukisogelea. Na dawa hiyo siyo ile inayotishia figo. Daktari aliiandika hapo hapo, muuguzi akaja nayo mbio.

Baada ya kupewa, alitetemeka sana, nikadhani ndiyo basi. Leo asubuhi homa imeshuka, na amekojoa. Usinicheke, nimelia kwa furaha kwa sababu ya mkojo. Damu bado ipo kidogo. Daktari hajasema amepona, amesema anaelekea.

Mama ameshaanza dawa naye. Ila jana alifunga mabegi, akasema anahamia kwako, hawezi kukaa nyumba moja na mkwe aliyebeba mambo yake. Akikupigia kuomba nauli, usimpe. Na habari za tumbo usithubutu kumuuliza, wewe hujui kitu.

Leo amekuja wodini mwenyewe. Ashraf alikuwa amempakata Ikram anamnywesha maji ya chumvi na sukari. Alipomwona Mama akainuka ampishe, atoke nje kama ilivyo desturi. Mama akasimama mlangoni, kanga ikiwa mabegani, uso uko wazi. Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu anioe.

"Keti, mwanangu," akamwambia. "Sina tena cha kukuficha."

Akaja akaketi kwenye kitanda hicho hicho, akamshika mtoto miguu.

Nisalimie wifi Nasra, na Mwanvua mdogo, na mzee Dadi ukimwona msikitini. Mungu awalinde na kila kinachoingia kwa maji na kwa chakula, na amkamilishie Ikram alichokianza. Muombeeni.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwasiti