Barua Iliyopigwa Pasi

Songwa, Jumapili jioni, Agosti 1955

Nilimwona Mama akiichukua, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Ni barua ya kaka Masanja ya kuomba nafasi shule ya vipofu. Siku mbili ameitoboa nukta kwa nukta, kwa maandishi ya vipofu yanayosomwa kwa vidole, ili wajue anaandika mwenyewe. Asubuhi Mama alidhani karatasi ina makunyanzi, akaipiga pasi ya mkaa pamoja na gauni lake la kanisani. Katekista alikuwa anakunywa uji pale pale, nami mbele ya mgeni sauti hunikauka.

Masanja alipoipapasa, vidole vilisimama. "Mama, mbona imekuwa laini?"

"Nimeinyoosha, baba. Barua ya wakubwa iende na vipele?"

Mama alipoelewa kwamba vipele vile ndiyo maandishi yenyewe, alikaa chini na pasi yake mkononi.

Lori la kupeleka barua linaondoka kesho alfajiri, na karatasi ngumu zimekwisha. Nimebandua jalada la daftari hili, nikampa. Akasema, "Asante, mdogo wangu, wewe ndiye macho yangu." Afadhali angenipiga.

Nimejiapiza kwamba akimaliza nitamwambia niliona. Namsikia anatoboa. Sasa amefika kwenye jina lake.