Mrashi Uliofubaa

Bagamoyo, Mei 1974

Mwanangu Miza,

Salamu zangu zikufikie huko Maskati, wewe na mumeo na mjukuu wangu Mardhiya. Mimi ni mzima, ila magoti tu. Mvua imeangusha ukuta wa uani, na kuku mweupe siku hizi anataga chumbani mwako.

Barua yako nimeipata. Baada ya kimya cha mwaka mzima, umeniuliza mrashi wa fedha uliofubaa husafishwaje. Hukuuliza lingine. Basi chekecha majivu ya kuni, uyakoroge na maji ya ndimu, usugue polepole kwa kitambaa laini. Usitumie makumbi ya nazi, yataukwaruza. Ndani tia mchele kidogo na maji, utikise, kisha usuuze na uukaushe vizuri.

Lakini mwanangu, mrashi ule tangu enzi za bibi yako hautolewi kabatini kunyunyizia watu marashi ila kwa harusi au maziko. Kifo hakifichwi, ungeniambia. Basi Mardhiya anaolewa. Labda mmeninyamazia kwa kunionea huruma, mkijua siwezi kuja.

Jana nami nimekisugua chetezo, kile kilichonunuliwa pamoja na mrashi huo. Kimetakata. Wewe nitajie siku tu. Siku hiyo nitafukiza udi na kuacha mlango wa mbele wazi, na mpita njia akiuliza kuna nini, nitamwambia namwoza mjukuu wangu.

Mimi mama yako,
Shaikha binti Humoud