Kiti Nilichomnyima Shemeji

Ijumaa, Mansfield, nje kidogo ya Dallas. Radi tangu alfajiri, halafu mchana jua kali kama vile halikutokea lolote. Nimevua sare, nimeoga, nimekaa mezani na chai ambayo siinywi. Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho kukaa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Na leo nimemfanyia mtu ukatili, nikiwa na akili zangu timamu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua mambo yetu. Kwa rubani wa Marekani, namba yake kwenye orodha ya marubani wa kampuni ndiyo maisha. Ukiajiriwa unaingia chini kabisa ya orodha, na walio juu yako wakistaafu au wakihama, unapanda. Namba ndiyo inayoamua unarusha ndege gani, unakaa kiti gani, unaanzia kazi mji gani, na kama sikukuu utaila na watoto wako au hotelini peke yako. Haiulizi kama wewe ni hodari. Inauliza nani yuko mbele yako.

Kampuni yetu ni ya safari fupi fupi, kituo chake Dallas. Kuna nyingine kama yetu, kituo chake Houston, na mwenye mali ni huyo huyo mmoja. Mwaka jana akatangaza kwamba anaziunganisha, kwa hiyo orodha mbili za marubani lazima ziwe moja. Sisi tukataka tupangwe kwa tarehe ya kuajiriwa, aliyetangulia akae mbele. Wao wakataka wenye ndege kubwa wapangwe kwanza, wa ndege ndogo wafuate. Ndege kubwa ni zao. Ndogo ni zetu. Kamati mbili zikavutana hadi kesi ikapelekwa kwa msuluhishi.

Na kwenye kamati ya Houston alikuwemo Shabani, mdogo wake mume wangu.

Shabani huyu aliishi kwetu wakati anasomea urubani. Alilala chumba cha mbele, akala ugali wangu, na jioni nikirudi kazini nilikuwa nakaa naye kumsomesha kwa ajili ya mitihani. Nilipovaa cheo cha kapteni, yeye alikuwa bado hajaruhusiwa kubeba abiria hata mmoja. Alipoajiriwa Houston tulichinja mbuzi Grand Prairie, nyumbani kwa rafiki mwenye uwanja mkubwa, na nililia kwa furaha kama mama yake.

Siku ya kusikilizwa, kwenye ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege, nilikaa viti vya nyuma. Shabani akasimama, tai imenyooka, Kiingereza kimenyooka zaidi. Akasema kampuni yetu ilikuwa inakufa hata kabla ya muungano. Kwamba ndege zetu zinalala chini kwa kukosa vipuri. Kwamba makapteni wetu wenyewe walishaanza kutafuta kazi kwingine, kimyakimya.

Maneno hayo nilimwambia mimi. Nilimwambia mezani kwangu, namwongezea pilau, nimechoka na nimejaa hofu, kama mtu anavyomwambia ndugu.

Hakunitaja jina. Alinitupia jicho mara moja, akarudi kwenye karatasi zake.

Msuluhishi akawapa wao ushindi. Leo kuna watu juu yangu walioajiriwa mimi nikiwa kapteni tayari. Shabani yuko juu yangu, mbali sana. Ndege zetu ndogo zinaondolewa, na nafasi za kapteni zimekwisha kabla hazijafika kwenye namba yangu. Kuanzia wiki ijayo mimi ni rubani msaidizi, kituo Houston, nyumba na watoto wakibaki huku.

Alinipigia siku ile ile. Akasema, “Shemeji, usiniweke moyoni. Ile ilikuwa kazi tu.” Nikakata simu.

Sasa ya leo.

Mama mkwe wangu alikuwa kwa Shabani Houston tangu kabla ya Ramadhani, akitibiwa moyo. Madaktari wamefika mwisho wa uwezo wao. Akasema basi arudishwe Tanga, asije akazikwa na wageni. Ndege yake ilikuwa leo alasiri, na mpwa wake mmoja wa kumsindikiza. Mume wangu Salum alitangulia Houston jana kwa gari. Shabani alikuwa huku Dallas kwenye mafunzo, amemaliza asubuhi, na radi zikafuta safari aliyoitegemea. Ikabaki safari yangu tu ya kumfikisha kabla mama hajapita ukaguzi kuingia ndani.

Abiria walikuwa wamejaa. Kilichobaki ni kile kiti cha kukunja ndani ya chumba cha marubani, nyuma yetu. Rubani anayesafiri hukalia pale kwa idhini ya kapteni, na kapteni akikataa hakuna wa kumlazimisha. Ni kawaida yetu kutonyimana. Miaka yote hii sijawahi kumnyima mtu kiti hicho, hata nisiyemjua.

Akaingia na begi lake, jasho linamtoka.

“Shikamoo shemeji. Naomba kiti.”

“Hapana.”

Akacheka kidogo. Alidhani namtania.

“Shemeji, mama anaondoka leo.”

“Najua mama anaondoka leo.”

“Sitamwona tena.”

“Usiniweke moyoni, Shabani. Hii ni kazi tu.”

Dale, rubani msaidizi wangu, mtu mzima aliyepoteza namba kama mimi, hajui neno la Kiswahili. Lakini aliona. Akanyoosha mkono akanionyesha hesabu ya uzito, akasema taratibu kwamba ndege inamudu mtu mmoja zaidi. Nikamjibu kwamba najua. Nikaagiza mlango ufungwe.

Shabani hakutukana. Alisimama pale mlangoni, halafu akarudi nyuma akiwa amekumbatia begi.

Nisidanganye, maana kwenye maandishi haya nilijiwekea ahadi ya kutodanganya. Nilifurahi. Furaha ilinishuka kifuani kama maji ya kwanza kwa aliyefunga. Nikarusha ndege vizuri kuliko siku zote, nikazizunguka zile radi zilizobaki, nikatua Houston bila abiria kuhisi magurudumu yamegusa chini. Wakanishukuru mmoja mmoja.

Nilimkuta mama kwenye kiti cha magurudumu, amejifunika kanga mbili juu ya sweta. Salum alikuwa amesimama nyuma yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona peke yako? Shabani ameniambia anakuja na wewe.”

Alishamwambia mama. Ndivyo alivyokuwa na uhakika nami.

“Ndege imejaa, mama,” nikasema.

Akatikisa kichwa. “Huyu tangu mdogo ni wa kuchelewa. Mwambie sikukasirika, nimemsamehe.” Akanishika mkono, wake baridi, akaniombea dua. Akasema amefurahi kusikia kazi yangu inahamia Houston, kwamba sasa nitakuwa mji mmoja na mdogo wangu, tutunzane. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini inahamia.

Walipomsukuma kwenda ndani, aligeuka. Hakututazama sisi. Alitazama mlango nyuma yetu.

Salum alisubiri mpaka amepotea. Shabani alikuwa ameshampigia.

“Kiti kilikuwepo?”

“Kilikuwepo.”

Hakupandisha sauti. “Ulitaka kumwadhibu Shabani,” akasema. “Aliyekuwa anatazama mlango ni mama yangu.” Akatoa funguo za gari mfukoni, akaenda zake kumsubiri mdogo wake.

Safari ya kurudi Dallas, Dale alizungumza yale tu ambayo kazi inamlazimisha kuzungumza. Kapteni akimaliza safari yake ya mwisho, wenzake humpa mkono. Dale alichukua begi lake akashuka.

Nimejaribu kuyatafuta majuto. Kwa mama nayaona. Kwa Salum nayaona. Kwa Shabani nimetafuta, na kila nikitafuta namwona amesimama kwenye ule ukumbi, anasoma hofu yangu kwa sauti mbele ya watu.

Salum bado yuko Houston na hapokei simu yangu. Mama akishuka Dar atanipigia mimi, kwa sababu siku zote mimi ndiye ninayepokea upesi. Swali lake la kwanza nalijua: Shabani alifika saa ngapi?

Nikimwambia ukweli, naujeruhi moyo ambao madaktari wameshindwa nao. Nikinyamaza, ataingia kaburini amemsamehe mtu ambaye hakuchelewa.