Maelezo Yangu Kule CRB

Kibii mjukuu wangu,

Huku Elburgon mvua imekataa kuisha, kuku wanalala jikoni. Cherop wa jirani ndio ananiandikia. Sasa sikia. Ushirika wamenikatalia mbegu ya viazi, ati niko CRB, ile orodha ya wasiolipa madeni, nilikopa kwa simu nikakataa kulipa. Mimi, mtu hata kusoma sijui! Nikaenda ofisi ya hao CRB kubisha. Msichana wa ofisi akaniita nyanya kwa lugha yetu, akasema, "Gogo, toa maelezo, tutayaandika kando ya hiyo deni." Nikaeleza ile wiki ya mazishi nilikuachia simu huko Kikopey uniwekee chaji, mkopo ikachukuliwa. "Ulimwachia nani?" Nikamwambia nitarudi Ijumaa. Njoo Alhamisi useme mwenyewe pale ofisini. Unabeba jina la marehemu mzee wangu, lakini usipokuja, Ijumaa nitalitaja.

Ni mimi gogo wako,
Chepkorir