Ndoto ya Hatamu

Sokomuhogo, Unguja
9 Agosti 1993

Kwa dada yangu mpenzi Bi Khairat, Mombasa,

Shikamoo dada. Baada ya salamu nakuuliza hali: miguu inakuruhusu kupanda ngazi za madrasa, na shemeji kikohozi kimempungua? Sisi huku wazima, mimi hasa, ambaye juzi daktari alinipima akasema moyo huu ungewatosha watu wawili. Wifi yako Kazija naye yupo, ila hali yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unaijua sifa yangu mjini. Barazani hapa hakuna asiyejua kuwa mdogo wako akilala hujua kuwa amelala, na huiamrisha ndoto yake kama mwenye nyumba anavyowaamrisha wapangaji. Nimeshawasimulia ile niliyokwenda Bagamoyo kwa miguu juu ya maji, nikarudi nusu ya njia kwa kuwa nimesahau kofia. Watu huacha kahawa zao zikapoa, na Jaku muuza kahawa hulalamika kuwa siku nikisimulia yeye hana kazi.

Basi mwezi wa Mei akaja mwalimu mmoja wa chuo, Muhiddin, anakusanya maneno ya usingizi ya watu wa Unguja ayatie kitabuni. Wakamleta kwangu, na ni haki. Nikamkalisha ukumbini nikampa ninayoyajua: lepe, ule usingizi mdogo unaokuangusha kichwa, mang'amung'amu, pale ambapo hujaamka wala hujalala, usingizi wa pono, ambao hata ukibebwa hujui, na jinamizi, linalokukalia kifuani ukakiona chumba kizima lakini kidole hakitikisiki. Kuweweseka nikamfanyia kwa vitendo, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Kisha akaniuliza swali dogo tu: nikiwa ndani ya ndoto, nnajuaje kuwa naota? Dada, mimi nimejibu maswali ya polisi na ya forodha, lakini hilo nililikwepa. Nikaanza habari za farasi. Kazija alikuwa nyuma ya pazia anachagua mchele, akajibu taratibu kuwa yeye hutazama hina ya kiganjani mwake. Maua yakiwa hayatulii, yanahama kidole hadi kidole, hujua kuwa yuko ndotoni, na tangu hapo huishika hatamu akaipeleka ndoto atakako. Muhiddin akasema amezunguka kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi na jambo hilo hajalipatia jina. Kazija akamwambia yeye huiita ndoto ya hatamu.

Akaandika. Akaligeuza daftari anionyeshe, kwa heshima tu, maskini: ndoto ya hatamu, na mbele yake, Bi Kazija wa Sokomuhogo. Jina langu halikuwapo hata penye lepe, kwa sababu hayo, alisema, kila mtu anayajua.

Usidhani nilimwonea wivu yule mwanamme. Shingo yake kama bua la mtama, na hakuwa akija ila mimi nipo. Wivu wangu ulikuwa kwa lile jina mle daftarini. Akaja mara ya pili na ya tatu, ananipa salamu kama mtu anavyompita bawabu, kisha anavuta kiti karibu na pazia. Kule barazani habari zilikuwa zimeshafika, Jaku akanimiminia kahawa na kuniuliza, "Bwana Usi, leo utatupa wewe au tumsubiri mwenyewe?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Nikarudi nyumbani na kahawa sijaimaliza.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilitoa barua yako ya mwaka juzi, ile ya kuagiza ukili wa mikeka, nikavaa miwani, nikamsomea Kazija maneno ambayo hukuyaandika: kuwa umezisikia habari zake, kuwa mwanamke anayeamrisha ndoto anachezewa na shetani, kuwa aache na asimhadithie mtu. Nilisoma vizuri, dada. Nilikohoa hata pale ambapo wewe ungevuta pumzi. Hakuomba kuiona. Alisoma Kurani kwako kabla hujaolewa Mombasa. Jina lako hawezi kulishuku. Alisema tu, "Kama Bi Khairat kasema, basi." Akamtaka Muhiddin alifute neno lake, na yule bwana akalifuta mbele ya macho yangu.

Nilidhani nitafurahi. Lakini ndoto ile haimwombi ruhusa, humjia yenyewe, kwa hivyo sasa anaukimbia usingizi. Anakunywa kahawa chungu na kushona kofia mpaka adhana ya alfajiri. Wiki mbili sasa. Jumanne alipitiwa na usingizi wima jikoni, anakaanga, mafuta yakammwagikia mkononi. Nilipokuwa namfunga kitambaa aliniomba msamaha, eti kwa kuwa katika lepe lile la dakika moja aliota.

Na kwa kuwa nimefika hapa, nikwambie na lililobaki. Mimi sijapata kuota ndoto hata moja niliyoikumbuka asubuhi. Ya Bagamoyo na nyengine zote ni za Kazija. Miaka kumi na tisa amenihadithia tukinywa chai, nami nazipeleka barazani zingali moto. Kofia ndiyo niliyoiongeza mimi. Alijua, na hakunisema. Siku hizi chai tunakunywa kimya.

Mara tatu nimeanza kumweleza ukweli wa ile barua, na mara zote umenitoka mdomoni umekuwa hadithi nyengine. Ya mwisho niliimalizia na papa. Kwa hivyo nakuomba umwandikie yeye, kwa jina lake, umwambie kuwa hukuandika neno lile na kuwa alale. Roho bado itaniuma jina lake likirudi daftarini, sikufichi, lakini lirudi.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, waambie mjomba wao anawakumbuka.

Ila posta ni siku kumi, na yeye hatozimaliza. Barua hii siifungi leo. Naiacha wazi juu ya meza ya chai, nami natoka mapema kwenda sokoni. Ikikufikia, ujue Kazija ameshaisoma kabla yako.

Ndimi mdogo wako,
Usi